Ziwa lililofanywa na watu

Ziwa letu la Tanganyika ni la kale mno. Lakini liko jingine lililofanywa kwa mikono ya watu. Ndilo ziwa Kariba, katika mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Toka 1955 hadi 1959 ulijengwa hapo ukuta wa saruji wenye kimo cha mita 128. Maji yakazuiliwa, yakajaa bonde urefu wa kilomita 280 hivi. Nguvu yake huzungusha mitambo itoayo umeme kwa miji na migodi.

Lakini tusiwasahau Watonga, wenyeji wa bonde lile. Watu 57,000 hivi walihamishwa, wakaacha mashamba yenye rutuba na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1958 wengine walikataa kuhama. Askari wakapiga bunduki, watu 8 wakafa.

Mwaka 1967 na 1968 ndagala wa Tanganyika walipelekwa kule, nao wakazaa sana. Leo ni kitoweo cha wengi. Lakini vijiji vingi vya Watonga vilikaa gizani miaka na miaka, karibu na umeme uliowahamisha. Basi, maendeleo ya kweli ni yale yanayomrudishia chake aliyeacha nyumba yake kwa faida ya wenzake.