Kula Safi Hadi Umehepa Mabeshte? Shida Huenda Haiko Kwa Sahani

Unajua yule msee ambaye mkienda sherehe anabeba kontena yake ya brokoli na kuku wa kuchemsha? Mnamcheka, mnasema anajifanya. Chenye hamjui ni kwamba usiku halali, anawaza kama ile mafuta ya sukuma aliyokula lunch imemharibia wiki nzima. Na pengine huyo msee ni wewe.

Hiyo kitu inaitwa othoreksia. Daktari Mmarekani, Steven Bratman, ndiye aliipea hilo jina mwaka wa 1997. Kukonda si ndio stori kubwa hapa. Mtu anataka chakula kiwe "safi" kabisa, na sheria zinaongezeka tu: leo ni sukari, kesho ni ngano, kesho kutwa umefika ocha na unakataa chapo za mathe.

Sasa turudi utotoni kidogo. Miaka ya 1950, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa hapo jirani tu, Uganda, akitembelea akina mama na watoto wao karibu na Kampala. Aliona mtoto aliyezoea kushughulikiwa akilia huwa anatoka anacheza freshi, anajua mama yuko. Wengine walikuwa wanalia na kung'ang'ania hata wakiwa wamebebwa. Baadaye, akiwa Marekani, aliona wa aina nyingine: mama akirudi, mtoto anajifanya hajamwona.

Tukikua, tunabeba kiasi ya hizo tabia. Wa kung'ang'ania, ukimwachia tiki za bluu, anaanza kujiuliza amekosea wapi. Watu hawatabiriki, lakini sahani inatabirika. Ukifuata sheria zake, angalau kuna kitu kimoja maishani unacontrol.

Yule wa kujifanya haoni mtu ndiye mgumu kushtukia. Hataki kuhitaji yeyote, na kukataa chakula cha watu ni njia rahisi sana ya kuwaweka mbali. Nani atagombana na mtu ati kwa sababu anakula mboga? Wanampongeza hata.

Watafiti wamepata kwamba watu walio na mshikano usio imara huwa na shida za kula zaidi ya wengine. Lakini pole pole, usimpigie mathe simu ukimlaumu. Kuna wenye walilelewa vizuri na bado wakanaswa, na hizo video za "usile hiki" nazo hazisaidii.

Jiulize hivi: mara ya mwisho ulikula mutura na mabeshte, nini ilifuata? Kama ulipanguza mikono ukaenda home, uko sawa, endelea na mboga zako. Kama ulijiadhibu kwa kukosa supper, ama siku hizi unahepa form yoyote yenye msosi, tafuta daktari au mshauri. Ukifika huko, usimwambie tu unakula nini. Mwambie pia mara ya mwisho ulikula na mtu ni lini.