Gaze metani: ya ziwani ni ingine, ya hewani ni ingine

Tangu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, swali moja linarudi kila mara: kama ziwa Kivu limejaa gaze metani, je, hewa ya Goma nayo imejaa?

Hapana. Chini ya ziwa kuna karibu mita za ujazo miliari 60 za metani, lakini imeyeyuka ndani ya maji mazito ya chini, na uzito wa maji ya juu unaishikilia pale. Watafiti wa chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, pamoja na wenzao, walipima maji ya juu kati ya 2007 na 2009. Waliona kwamba wakati wa kiangazi, maji yanapokorogeka, metani inapanda zaidi kuliko wakati wa mvua. Lakini kabla ifike juu, vidudu visivyoonekana kwa macho vinaikula karibu yote. (Tena msiichanganye na mazuku inayoua watu na mbuzi huku kwetu: ile ni gaze karboniki, nzito, inalala ndani ya mashimo.)

Basi ile ya hewani inatoka wapi? Sehemu kubwa, mbali. Metani ikiingia hewani inakaa miaka karibu tisa, inazunguka na upepo. Upande wa kaskazini wa dunia ndiko kuna nchi kavu nyingi, ng'ombe, mashamba ya mpunga, visima vya petroli na migodi ya makaa. Mwaka 2023 dunia nzima ilikuwa na wastani wa sehemu 1.920 hivi za metani ndani ya kila sehemu miliari moja za hewa. Karibu na ncha ya kaskazini inazidi ile ya ncha ya kusini kwa zaidi ya 100.

Majira nayo yanaigeuza. Jua kali na mvuke wa maji vinatengeneza kitu hewani kinachovunja metani, kwa hiyo inapungua kule kaskazini mwezi wa saba, jua lao likiwa kali.

Na sisi? Tuko karibu na ikweta, katikati. Jirani yetu Rwanda ana kituo cha kupima juu ya mlima Mugogo, mita 2.590. Mwezi wa sita mpaka wa nane, upepo unaleta pale hewa ya kusini mwa Afrika na moshi wa mapori yanayochomwa. Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, hewa inatoka kaskazini. Mashine ni ileile, mlima uleule, hewa ndiyo inabadilika.