Starehe za Jioni: London na Ukambani

Mkulima wa Wote na karani wa Kitui wamalizapo kazi zao, hubakiwa na saa chache kabla ya kulala. Saa hizo ni mali yao wenyewe. Je, wazitumieje? Swali hili huulizwa katika kila nchi, na kila mji una jibu lake. Basi na tutazame kwanza jinsi wenyeji wa London, mji mkuu wa Uingereza, wanavyozitumia saa za jioni, kisha turudi nyumbani kwetu.

Saa moja na nusu usiku, pazia hupandishwa katika nyumba nyingi za michezo ya kuigiza mjini London. Mchezo mmoja, The Mousetrap, uliotungwa na mwanamke aitwaye Agatha Christie, ulianza kuchezwa huko tarehe 25 Novemba 1952. Ukaendelea mwaka baada ya mwaka, wala haukusimama hata Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga milango yote. Nao ulirudi jukwaani Mei 2021. Ni hadithi ya mauaji, na kila usiku watazamaji huombwa wasimwambie mtu ye yote nje jina la muuaji.

Msomaji asidhani kwamba starehe hizo ni za matajiri peke yao. Tangu mwaka 1895 kumekuwa na maonyesho ya muziki ya majira ya joto yaitwayo Proms, ambapo asiye na fedha nyingi hununua tikiti ya bei nafuu na kusikiliza hali amesimama. Ndivyo ilivyo pia katika nyumba ya michezo iitwayo Globe, iliyofunguliwa mwaka 1997 kwa mfano wa ile ya zamani za Shakespeare. Ua wake hauna paa. Mvua ikinyesha, waliosimama hulowa, na mchezo huendelea.

Katika ua huo huo, mwaka 2012, waigizaji kutoka Afrika Mashariki walicheza mchezo wa Shakespeare, The Merry Wives of Windsor, kwa lugha ya Kiswahili. Ni habari ya bwana mmoja mnene mwenye tamaa, aliyewaandikia wake za watu wawili barua za mapenzi za namna moja. Wale wanawake walionyeshana barua zao, wakapatana kumtia adabu. Walimficha ndani ya kapu la nguo chafu, naye akatupwa mtoni pamoja na nguo hizo. Mwishowe aliaibishwa mbele ya watu wote.

Mzee wa Ukambani asingeshangazwa na mambo hayo, kwa maana sisi nasi tulikuwa na njia yetu ya kumwaibisha mkosaji hadharani. Katika ngoma ya mwali, nyimbo zilitungwa kuwasema watu wenye mwenendo mbaya. Mvivu au mchoyo aliweza kusikia matendo yake yakiimbwa, na watu wakicheka. Vijana nao walikuwa na mbeni, ngoma ya kuruka kwa ustadi mkubwa. Na kilumi, iliyochezwa hasa na wanawake kwa mlio wa ngoma ndefu, haikuwa mchezo mtupu. Ilikuwa ya kuomba mvua na ya mambo ya mizimu.

Tena palikuwa na mpango. Kila ngoma ilikuwa na watu wake na wakati wake. Pombe ya uki, iliyotengenezwa kwa miwa au asali, ilikuwa ya wazee. Kijana aliyetaka starehe aliipata katika kuimba na kucheza, si katika kibuyu.

London nayo haikuzaliwa na utaratibu. Katika karne ya 18 mji ule uliharibiwa vibaya na pombe kali ya bei rahisi iitwayo gini. Mwaka 1736 serikali ilitoa sheria kali, ikimtaka muuzaji alipe pauni 50 kila mwaka. Karibu wote walikataa kulipa, wakauza kwa siri, na ulevi haukupungua. Mwaka 1751 ikaja sheria nyingine, iliyoongeza kodi ya kadiri na kuwazuia watengenezaji wasiwauzie wachuuzi wasio na leseni. Baadaye nafaka nayo ikapanda bei. Hapo ndipo gini ilipopungua. Fundisho lake ni wazi: katazo peke yake humsukuma mnywaji gizani.

Na gizani ndimo mauti yalimowakuta watu wetu. Mwezi wa Juni 2005, katika Machakos, watu karibu 50 walikufa kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, yaani spiriti ya viwandani. Mwezi wa Mei 2014 balaa hiyo ilirudi katika wilaya kadhaa za zamani ambazo sasa ni kaunti, Kitui na Makueni zikiwamo, na zaidi ya watu 60 wakafa. Wengine walipona, lakini walipoteza macho.

Yafaa kila mtu aijue sumu hii. Kwa macho, pua na ulimi haitambulikani na pombe nyingine. Dalili zake hukawia. Huenda zikapita saa 12 au hata 24. Kisha mtu huumwa na kichwa na tumbo, hutapika, akaona ukungu mbele ya macho. Mtu huyo asiachwe alale kwa kudhaniwa kuwa amelewa tu. Apelekwe hospitali upesi, maana dawa ipo, nayo hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Hatusemi kwamba kijana akae ndani baada ya jua kutua. Mtu aliyefanya kazi anastahili kufurahi. Lakini kijiji kisicho na mahali pa kuchezea jioni humwachia kijana mlango mmoja tu ulio wazi, nao ni wa muuza pombe. Darasa la shule laweza kuwa nyumba ya michezo usiku. Taa mbili zatosha, na tikiti ya shilingi chache italipa mafuta. Wako wazee wajuao nyimbo za mwali, na wako vijana wawezao kuruka mbeni. Watu wa London hununua tikiti ili wamwone mjinga akitupwa mtoni. Sisi tunao utani wetu wenyewe, nao waweza kuchezwa hata Jumamosi ijayo.