Taka za Nyuklia na Siasa ya Neno "Muda"

Kila mtambo wa umeme wa nyuklia huzaa taka, na zilizo kali kuliko zote ni fueli iliyokwisha tumika. Ikitoka katika tanuri huwa na mionzi ya kumwua mtu anayeisogelea bila kinga. Kwanza huzamishwa katika bwawa la maji kwa miaka kadhaa ipoe. Kisha hufungiwa katika mapipa ya chuma cha pua yaliyozungushiwa zege nene, na hewa hupita katikati bila pampu. Marekani ilianza kutumia mapipa ya namna hii mwaka 1986 katika kituo cha Surry, Virginia, na kwa upande wa ufundi yamefanya kazi vizuri. Ubishi wetu si na mafundi.

Ubishi uko kwenye neno "muda", maana hifadhi hii huitwa ya muda. Plutoni iliyomo huchukua miaka 24,000 kupungua kwa nusu. Pipa hupewa kibali cha miaka 20 au 40, kisha kikaongezwa. Basi tuulize: muda huo anaupanga nani, na anauishi nani?

Sheria ya mwaka 1982 iliahidi kwamba serikali ya Marekani ingeanza kuzichukua taka hizo ifikapo 31 Januari 1998. Gharama ilitozwa kwenye umeme, sehemu ya kumi ya senti kwa kila kilowati-saa. Mwaka 1987 Bunge likaelekeza uchunguzi mahali pamoja tu, mlima Yucca katika Nevada, jimbo lisilo na mtambo hata mmoja wa umeme wa nyuklia. Nevada ilikataa, tarehe ikapita, na mwaka 2010 serikali ikauacha mradi. Kampuni za umeme zilikwenda mahakamani kudai fidia. Hazina ya umma imekwisha lipa zaidi ya dola bilioni 10. Mwananchi yule yule ametozwa kwenye bili, akatozwa tena kwenye kodi. (Mabepari huchukia utaifishaji, lakini hasara hawachukii itaifishwe.)

Sheria hiyo ya 1987 iliunda pia ofisi ya kutafuta watakaozipokea taka kwa hiari. Walioitikia wengi walikuwa makabila ya wenyeji asilia. Mwaka 1997 viongozi wa Wagoshute wa Skull Valley, Utah, walikubaliana na kampuni kadhaa za umeme kuhifadhi tani 40,000. Tusiharakishe kuwalaumu. Jirani yao ni Dugway, uwanja wa jeshi wa kujaribia silaha za sumu, ambako mwaka 1968 maelfu ya kondoo walikufa. Wagoshute wengine walipinga mkataba huo. Hiari ya mtu asiye na njia nyingine ya kupata riziki ni hiari ya namna gani? Kibali kilitolewa mwaka 2006, lakini mwaka huo huo serikali ikakataa kuidhinisha upangaji wa ardhi, na mwaka 2012 kampuni zikajitoa.

Basi mapipa hubaki pale yalipojazwa. Huko Prairie Island, Minnesota, Wadakota wanaishi jirani kabisa na kituo. Mwaka 1994 bunge la jimbo liliruhusu mapipa 17 yawekwe hapo. Mwaka 2003 likaruhusu mengine. Hata la kwanza halijaondoka.