Uhandisi hauivi darasani pekee: Funzo kutoka mabwawa ya Takaba

MWANAFUNZI wa uhandisi nchini Kenya husoma chuoni kwa miaka mitano. Hukokotoa mamia ya hesabu, lakini aghalabu huhitimu kabla ya kukabili tatizo lisilokuwa na jibu nyuma ya kitabu.

Anayetaka kulifahamu pengo hilo na azuru Takaba, Kaunti ya Mandera. Huko hakuna mto wa kudumu, na wakazi na mifugo hutegemea mabwawa yanayokinga maji ya mvua. Tuseme bwawa moja lina urefu wa mita 100 na upana uo huo. Iwapo jua litakausha milimita 7 kwa siku, jambo la kawaida katika maeneo kame yenye joto kali, bwawa litapoteza lita 70,000 kila siku. Hayo ni mapipa 350 ya lita 200, kabla hata mbuzi mmoja hajanywa.

Hesabu hiyo haimshindi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ugumu huja baadaye. Je, bwawa lichimbwe kwa kina zaidi ili eneo linalopigwa na jua lipungue? Matope yanayoletwa na mafuriko yatazuiwaje? Ngamia watanyweshwa wapi bila kubomoa kingo? Hakuna somo moja linalojibu maswali hayo yote.

Katika Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kilichoanzishwa mwaka wa 1974, wanafunzi hugawanywa katika makundi na kushughulikia mradi wa tatizo halisi kila muhula. Mihadhara haijafutwa, bali huandamana na mradi, hivyo nadharia hujifunzwa pale inapohitajika.

Kaskazini Mashariki haikosi miradi ya aina hiyo. Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 54.6 kilichozinduliwa mwaka wa 2019, ilhali Takaba kwa miaka mingi imetegemea mtambo wa dizeli ulio nje ya gridi ya taifa. Kulinganisha gharama ya kusafirisha dizeli na hasara ya joto na vumbi kwenye paneli ni kazi tosha ya muhula mzima.

Mfumo huu una gharama. Huhitaji usafiri, usalama, wahadhiri zaidi na tathmini isiyotegemea mtihani wa saa chache pekee. Lakini kosa la karatasini hufutwa kwa kifutio, ilhali kosa la bwawa hulipiwa na wafugaji wakati wa kiangazi. Samaki mkunje angali mbichi.