Kiongozi Mbele ya Lango

Wapiganaji wenzetu wa jeshi na polisi, ninyi mnalijua lango kuliko watu wengine wote. Mmesimama hapo mchana kutwa na usiku kucha, jua likiwachoma na mvua ya Aprili ikiwanyeshea, na kila namna ya binadamu hupita mbele yenu. Ndiyo maana tumeona vema tuanzie hapo tunapouliza swali hili: mwanasiasa apimwe kwa kipimo gani ndipo aaminiwe madaraka ya umma?

Mwanzoni mwa Februari 2020, katika jengo moja la biashara hapa Kigali, mlinzi mwanamke wa kampuni binafsi alimtaka Bwana Evode Uwizeyimana, aliyekuwa Waziri wa Nchi katika Wizara ya Sheria, apite penye mtambo wa ukaguzi kama watu wengine. Waziri alimsukuma mlinzi yule. Habari zikaenea jiji zima. Akaomba radhi hadharani. Na siku chache baadaye akajiuzulu.

Walikuwapo waliosema kwamba waziri ameponzwa na jambo dogo. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Usomi wake katika sheria haukuwa na shaka, lakini shahada hutundikwa ukutani na hotuba huandikwa kabla ya kutolewa. Langoni mtu hufika bila maandalizi, ana haraka zake, na aliyesimama mbele yake hawezi kumpa cheo wala kumnyang'anya. Hapo ndipo hujulikana kama anaiona sheria kuwa inamhusu na yeye, au ni ya wengine tu.

Sisi tulifundishwa jambo hili chuoni tulipokuwa makadeti. Kila alfajiri mkufunzi alichungulia ndani ya mtutu wa bunduki na kupitisha kidole chini ya kitanda, wala hakuna kadeti aliyethubutu kumweleza babake ni nani. Tulinung'unika sana, tusiseme uongo. Ukaguzi humuudhi kila mtu, na tofauti ya watu ni namna wanavyouvumilia.

Mwezi huohuo wa Februari 2020 Dokta Diane Gashumba naye aliondoka katika Wizara ya Afya. Rais Kagame mwenyewe alieleza hadharani kwamba waziri huyo alikuwa amedai kuwapo vifaa 3,500 vya kupimia virusi vya korona, na vilipohesabiwa vikaonekana 95. Mtunza ghala ya risasi yeyote anaelewa uzito wa hesabu kama hiyo. Upungufu wa vifaa ungeweza kusameheka, kwani dunia nzima ilikuwa ikivitafuta. Lililokuwa gumu kusamehe ni taarifa iliyotangulia kabla ya hesabu.

Nchi yetu imeweka njia za kuwakagua viongozi. Ofisi ya Umuvunyi, iliyoanzishwa mwaka 2003, hupokea maelezo ya mali zao, na mwisho wa kuyapeleka ni tarehe 30 Juni ya kila mwaka. Tangu mwaka 2006 mameya wa wilaya hutia saini imihigo, neno lililotokana na viapo walivyotoa wapiganaji wa kale mbele ya mfalme kabla ya kwenda vitani. Walakini mpiganaji wa kale alirudi na mashahidi, na karatasi ya siku hizi yaweza kujazwa ofisini. Takwimu nazo zahitaji mlinzi wa lango.

Lakini mkaguzi asiwe mwenye bunduki. Tarehe 25 Januari 1971 askari alisoma katika Redio Uganda sababu 18 za kumpindua Rais Obote, rushwa ikiwamo. Watu wa Kampala walishangilia barabarani. Kisha Idi Amin akatawala hadi Aprili 1979, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeweza kumkagua yeye. Hapa kwetu Jenerali Habyarimana alimpindua Rais Kayibanda tarehe 5 Julai 1973, akakaa madarakani hadi Aprili 1994. Askari aliyejifanya hakimu wa wanasiasa huwa amekwisha kuliacha lindo lake.

Na je, aliyeanguka aweza kuinuka? Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani ya Tanzania, kwa sababu maofisa wa usalama waliwatesa na kuwaua watuhumiwa huko Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Alibeba lawama ya waliokuwa chini yake, na mwaka 1985 akawa Rais. Ndugu zetu wa polisi walitafakari tukio hilo, maana makosa ya konstebo yalipanda hadi mezani kwa waziri.

Bwana Uwizeyimana naye hakukaa nje siku nyingi. Oktoba 2020 Rais alimteua kuwa Seneta. Baadhi yetu messini tulisema kwamba aliyeomba radhi na kuacha kiti apewe nafasi nyingine. Wengine tukasema miezi minane ni michache mno. Hatukuafikiana, na hadi leo hatujaafikiana. Ila kwa aliye zamu, gari la seneta likifika langoni, amri ni ileile: salamu, kitambulisho, ukaguzi.