Tumwombee Baba: Namna Kanisa Linavyomkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba, Watanzania humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Baba wa Taifa, aliyefariki dunia jijini London mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 77. Hotuba zake hurushwa tena redioni, na makanisani huadhimishwa Misa Takatifu kwa ajili yake. Hapo huzuka swali miongoni mwa waamini: je, tumwombee Mwalimu, au tumwombe atuombee? Wapo wanaodhani kwamba kumtolea Misa ya marehemu ni kutilia shaka wema wake. Wapo pia wanaostaajabu kusikia jina la mwanasiasa likitajwa pamoja na utakatifu. Ili tupate jibu, inafaa kwanza tuitazame safari yake ya imani.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Ukristo hakuurithi nyumbani. Aliukuta alipokwenda shule, akajifunza katekisimu, na tarehe 23 Desemba 1943 akabatizwa kwa jina la Julius, akiwa kijana wa miaka 21. Baba yake alikuwa na wake wengi, kama ilivyokuwa desturi ya watemi. Mwana alichagua ndoa ya mke mmoja. Alifunga ndoa na Maria Gabriel mwezi Januari 1953, nao wakaishi katika agano hilo kwa miaka 46, hadi kifo kilipowatenganisha. Kwa hiyo, kabla hatujamtaja kuwa baba wa taifa, tunamtaja kuwa mume na baba wa familia ya Kikristo.

Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu huko Pugu, kwa kuwa hangeweza kuiunganisha na uongozi wa TANU. Alirudi kwao, na katika kipindi hicho alimfundisha padre mmoja wa Shirika la Maryknoll lugha ya Kizanaki na kumsaidia kutafsiri mafundisho ya dini. Ndivyo ilivyokuwa: mtu aliyekuwa akiandaa uhuru wa nchi alikaa pia kutafuta neno la Kizanaki litakalomfikishia mwanakijiji Habari Njema.

Baada ya kuwa Rais, hakuiweka imani kando. Waamini wa Parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay, jijini Dar es Salaam, walizoea kumwona kwenye Misa za siku za kawaida. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataka viongozi wasiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha. Mwaka 1970, akizungumza na Masista wa Maryknoll nchini Marekani, alilihimiza Kanisa lisimame upande wa maskini na kupinga mifumo inayowadhalilisha. Baada ya kung'atuka urais mwaka 1985 hakukaa kimya. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Injili, kazi ya mzee aliyeendelea kutafakari Neno la Mungu kwa lugha ya watu wake. Miaka yake ya mwisho aliitumia pia kuwapatanisha Warundi waliokuwa wakiuana.

Hata hivyo, kumbukumbu ya kweli haifichi mambo mazito. Shule za mashirika ya dini, zikiwamo za Kanisa Katoliki, zilitaifishwa wakati wa utawala wake. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda katika vijiji vya ujamaa, na wengine waliona nyumba zao zikibomolewa. Wapo waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba serikali yake ilifanya makosa. Waliopata machungu hayo, na watoto wao, bado wamo katika jumuiya zetu. Si haki kuwaambia wanyamaze ili sifa zisikike vizuri.

Hapa ndipo hekima ya Kanisa inapoonekana. Mchakato wa Mwalimu ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma mwaka 2005, baada ya kupita ile miaka 5 tangu kifo ambayo sheria huitaka. Tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Jina hili si hukumu. Lina maana kwamba maisha yake yanachunguzwa. Mashahidi husikilizwa, wakiwamo wenye pingamizi, na maandishi husomwa. Kanisa likithibitisha kwamba aliziishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, ataitwa Mheshimiwa. Ukithibitishwa muujiza mmoja kwa maombezi yake, anaweza kutangazwa Mwenyeheri. Na ukithibitishwa mwingine baada ya hapo, Mtakatifu. Hatua hizi hazimtafuti mtu asiyewahi kukosea. Zinamtafuta mtu aliyempenda Mungu na jirani kwa uaminifu, akatubu alipoanguka, akaendelea.

Basi jibu la swali letu ni hili. Katika liturujia tunamwombea Mwalimu, kama Yuda Makabayo alivyowaombea wenzake waliokufa (rej. 2Mak 12:43-46). Hatumwekei altare, wala hatuadhimishi Misa kwa heshima yake kama tunavyofanya kwa watakatifu. Lakini mwamini, katika sala yake binafsi, hakatazwi kuomba maombezi yake. Kumwombea marehemu si kumshusha hadhi. Ni kumkabidhi kwa Mungu, anayemjua kuliko tunavyomjua sisi.

Tukilielewa hili kwa Mwalimu, tutalielewa pia kwa baba zetu. Wengi wetu tumewazika wazee waliosali rozari kila jioni, waliobeba mawe ya kujengea kigango, waliosuluhisha ugomvi wa majirani. Na baadhi yao pia waliwahi kutuumiza. Siku ya mazishi tunasoma wasifu uliojaa sifa, kisha miaka inapita bila hata Misa moja ya kumwombea. Tunawaalika waamini wafanye mambo mawili. Kwanza, familia itoe nia ya Misa kwa ajili ya baba, hasa mwezi Novemba, na imtaje katika sala za Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Pili, waketi na wazee waliomfahamu, waandike aliyoyatenda na waliyojifunza kwake, pamoja na yale yanayohitaji kusamehewa. Watoto wakisikia habari zote hizo, watajua ni nani hasa wanayemwombea.